Habari za Mtu Aliye Hai

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akiniomba nieleze kazi ya kuandika na kusahihisha habari za maisha ya watu katika Wikipedia, kile kitabu kikubwa cha maarifa kisomwacho kwa intaneti, ambacho kwa Kiswahili huitwa kamusi elezo huru. Asema kwamba wanafunzi wengi wa Chama cha Kiswahili wameanza kazi hiyo, na kwamba wengine wamekwisha kugombana na wahariri wa nchi nyingine. Nimekubali upesi, kwa sababu mimi mwenyewe naliianza kazi hiyo hapa shuleni, katika chumba cha kompyuta kilicho nyuma ya maktaba, na kosa langu kubwa kuliko yote nalilifanya papo hapo.

Vijana wanisamehe nikianza na mambo wanayoyajua, kwa ajili ya wazee waliotoka shuleni kabla ya kompyuta kuingia. Wikipedia ilianzishwa huko Marekani tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Leo ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6, na ya kwetu ina chache zaidi sana. Waandishi wake hawalipwi. Kila msomaji aweza kubonyeza neno "Hariri" lililo juu ya makala, akaandika alitakalo, akahifadhi, na maneno yake yakaonekana dunia nzima kabla hajanyanyuka kitini. Mtu akisikia hayo mara ya kwanza husema, "Basi kitabu hicho ni cha wahuni." Lakini ngoja kwanza. Kando ya neno "Hariri" kuna neno jingine, "Historia", na hilo ndilo lishikalo nyumba isianguke. Mtu akibadili hata nukta moja, maandishi ya kwanza hayapotei. Yanawekwa, pamoja na tarehe, na saa, na dakika, na jina alilojiandikishia yule aliyeyabadili. Waweza kuchukua makala ya leo ukailinganisha na ile ya mwaka juzi, mstari kwa mstari, ukaona nani aliongeza nini na nani alifuta nini. Na ukiona uharibifu, waweza kuirudisha ilivyokuwa kwa kubonyeza mara moja. Pia iko "Majadiliano", ambako wahariri wabishana nyuma ya pazia kila mmoja akieleza sababu zake. Msomaji wa kawaida hafiki huko, na ni hasara yake.

Siku hizo Kiswahili hapa Uganda kilikuwa somo la watu wachache. Mtaala mpya wa mwaka 2020, ulioliweka kati ya masomo ya lazima, ulikuwa haujaja. Tulikuwa wanafunzi 14 tu, na mwalimu wetu, ili tusichoke, alituambia kila mmoja aandike makala moja juu ya jambo la kwao ambalo halijaandikwa kwa Kiswahili. Mmoja akaandika juu ya ndizi za matoke, mwingine juu ya ziwa lililo karibu na kijiji chao. Mimi nikamchagua Mwenyekiti wa Wilaya yetu. Jina lake sitalitaja hapa, wala jina la wilaya, na mtakaposoma mbele mtaelewa kwa nini. Nalimchagua kwa sababu alikuja shuleni siku ya wazazi akatupa mabati 100 ya kuezekea bweni, na mimi nililala chini ya mabati hayo.

Nilikuwa na karatasi moja tu ya habari zake, ile iliyogawiwa wakati wa uchaguzi, yenye picha yake akicheka. Nikaifasiri neno kwa neno. Sentensi yangu ya kwanza ilisema kwamba yeye ni kiongozi shupavu, mpenda watu, mwenye maono, aliyeleta maendeleo makubwa katika kila kata. Naliisoma mara tatu nikaona imekamilika kama hotuba. Nikahifadhi, nikaenda kula.

Baada ya siku mbili nikakuta mambo matatu. Kwanza, makala yangu imetiwa alama ya "mbegu", maana yake ni makala changa inayohitaji kukuzwa. Pili, maneno shupavu na mpenda watu na maono yamefutwa, na katika Majadiliano mtu ameniuliza, kwa upole, "Nani amesema hivyo? Chanzo kiko wapi?" Tatu, na hili ndilo lililonikasirisha, kila mahali nilipoandika "Mwenyekiti wa Wilaya" yeye amebadili akaandika "Mkuu wa Wilaya".

Nikamjibu kwa ukali ambao hata leo naona haya kuusoma, maana ungali uko pale. Lakini katika kujibizana tukaelewana, na nikajifunza jambo ambalo kila Mswahili atakayeandika juu ya siasa za nchi jirani hana budi kulijua. Ndugu yule alikuwa Mtanzania. Kwao Mkuu wa Wilaya ni mtu aliyeteuliwa na Rais. Yuko pia mwenyekiti wa halmashauri, lakini huyo huchaguliwa na madiwani kati yao wenyewe. Kwetu Uganda, tangu Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, Mwenyekiti wa Wilaya hupigiwa kura na wananchi wote wa wilaya, naye hukaa miaka 5. Yule wa kwetu aliyeteuliwa na Rais ni mwingine kabisa, mjumbe wa serikali akaaye wilayani. Basi kwa kubadili neno moja, kwa nia njema, rafiki yangu alikuwa amemgeuza mtu aliyechaguliwa kwa kura kuwa mtu aliyewekwa na serikali kuu. Na mimi ningekuwa ninahariri habari za Kenya labda ningemwita gavana "mkuu wa mkoa" bila kujua kwamba tangu uchaguzi wa mwaka 2013 magavana wa kaunti zote 47 huchaguliwa na watu. Kiswahili ni kimoja lakini serikali ni nyingi. Tulikubaliana kuandika cheo kama kinavyoitwa katika nchi yake, na kueleza kwa sentensi moja jinsi kinavyopatikana.

Halafu akaniuliza swali gumu zaidi: je, mtu huyu astahili makala? Mimi nalidhani kila mwenye gari la serikali astahili. Kumbe kuna kanuni. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mbunge huhesabiwa kuwa astahili kwa kuwa alikaa katika bunge la nchi. Lakini diwani, au meya wa mji mdogo, au mwenyekiti kama wetu, cheo peke yake hakitoshi. Lazima waandishi wasio wa upande wake wawe wamemwandika kwa kirefu, katika magazeti au vitabu. Wahariri wa Kiswahili hawakazi sana, lakini huuliza swali lile lile, na sababu yake ni nzuri. Mtu ambaye hakuandikwa mahali popote, utamwandika kwa maneno gani? Kwa maneno yake mwenyewe, au kwa maneno ya adui zake. Hakuna ya tatu.

Kwa hiyo nikaenda maktaba nikaanza kupekua magazeti, New Vision na Daily Monitor, yaliyofungwa kwa kamba mwezi kwa mwezi. Kazi hiyo nawasihi wenzangu msiikimbie. Vumbi lake laniumiza pua hata sasa nikikumbuka, lakini jioni nne nilizokaa pale zilinifundisha kuliko muhula mzima. Nikapata habari za barabara alizozifungua, na ugomvi wa soko, na uchaguzi alioushinda, na mwingine alioushindwa kabla ya huo. Na nikapata habari kwamba baada ya kushinda, mpinzani wake alimshtaki mahakamani akidai kura hazikuhesabiwa sawasawa. Nikaandika upya, safari hii kila sentensi ikiwa na tanbihi yake chini: jina la gazeti, tarehe, ukurasa. Ila ule uchaguzi alioshindwa nikauacha. Niliona ni kumvunjia heshima mzee aliyetuezekea bweni.

Yule Mtanzania hakuwa na gazeti lolote la Uganda mezani kwake, lakini alikuwa na hesabu. Akaandika: "Umesema aliacha ualimu mwaka huu, na akachaguliwa mwaka ule. Katikati ni miaka 5. Alikuwa wapi?" Tangu hapo, ninaposahihisha habari za maisha ya mtu, jambo la kwanza ninalofanya ni kuziandika tarehe zote pembeni na kutazama mianya. Mtu hafichi kwa kusema uwongo tu. Mara nyingi hufichwa kwa miaka iliyorukwa. Nikautia ule uchaguzi, na makala ikawa nzuri, na mwalimu akaisoma darasani.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Muhula uliofuata, siku ya Ijumaa, nikafungua makala yangu nikaona sentensi mpya. Ilisema kwamba Mwenyekiti aliuza mawe ya barabara ya wilaya, na kwa fedha hizo akajenga nyumba yake. Hapakuwa na tanbihi. Aliyeandika hakujiandikisha kwa jina. Nami nalijua kanuni, kwa kuwa nilikwisha kuisoma mara nyingi: habari mbaya ya mtu aliye hai, ikiwa haina chanzo cha kuaminika, huondolewa papo hapo. Huombi ruhusa, husubiri majadiliano, hutii alama ya kuuliza. Unaiondoa, kisha ndipo unauliza.

Mimi sikuiondoa. Mama yangu alikuwa na meza ya samaki wakavu katika lile soko nililolitaja juu, na majuma mawili kabla yake halmashauri ilikuwa imezivunja meza zote zilizo kando ya barabara. Alikuja kunitembelea akiwa na noti chache tu na maneno machache kuliko noti. Basi nilipoisoma sentensi ile nalitaka iwe kweli. Nikajiambia kwamba mimi siye niliyeiandika. Nikasahihisha neno moja lililokosewa herufi, mistari miwili chini yake, nikahifadhi, nikafunga.

Ikakaa siku 9. Mwenyekiti alikuwa na mwana katika darasa la kwanza hapa hapa shuleni, mtoto mdogo mnyamavu. Katika siku hizo 9 wavulana waliisoma, wakampa jina la "Mawe". Wakiwa mstarini wa chakula humwambia, "Mawe, sogea." Kitandani mwake walimwekea kokoto. Mwalimu wetu alipopata habari alitukusanya, akaiweka ile makala ukutani kwa mashine ya kuonyeshea picha, akauliza nani aliandika. Sote tukanyamaza. Hapo akabonyeza "Historia". Mstari mmoja ulionyesha siku sentensi ilipotiwa. Mstari uliofuata, saa 6 baadaye, ulikuwa na jina langu, na maelezo mafupi niliyoyaandika kwa mkono wangu: "Nimesahihisha tahajia." Mwalimu hakusema neno. Aliuacha ukuta useme.

Mnaweza kufikiri kwamba habari ya shule moja ni jambo dogo. Basi nitawaeleza iliyojulikana ulimwenguni. Huko Marekani alikuwako mwandishi wa magazeti aitwaye John Seigenthaler, mtu wa Nashville, aliyekuwa msaidizi wa Robert Kennedy alipokuwa Mwanasheria Mkuu, na Kennedy alipouawa mwaka 1968, alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejulikana akaandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba Seigenthaler alidhaniwa kushiriki katika kuuawa kwa Kennedy wote wawili, na kwamba aliwahi kukaa miaka mingi katika Urusi ya Kisovieti. Yote yalikuwa uwongo mtupu. Yakakaa zaidi ya miezi 4, na mahali pengine pa intaneti palipozoea kunakili Wikipedia pakayanakili. Mzee huyo, aliyekuwa na miaka 78, akaeleza masikitiko yake katika gazeti la USA Today mwezi Novemba mwaka huo. Aliyeyaandika alipopatikana alisema alikuwa akifanya mzaha ili kumchekesha mwenzake kazini. Baada ya hayo, Wikipedia ya Kiingereza ikawakataza wasiojiandikisha wasianzishe makala mpya, na kanuni ya pekee juu ya watu walio hai ikatungwa. Kwa hiyo ile kanuni niliyoivunja mimi ilizaliwa kutokana na machungu ya mtu halisi. Na siku hizi hatari imezidi, kwa maana hata mitambo ijibuyo maswali ya watu imefundishwa kwa maandishi ya Wikipedia, na sentensi moja ikishatoka, huwezi kuifuata kila ilikokwenda.

Niliiondoa sentensi ile mbele ya darasa. Nikaenda kumwomba msamaha yule mtoto. Alisema, "Haidhuru," nami nalijua kwamba yadhuru.

Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa kuwa siku chache baadaye makala yote ikatoweka, na mahali pake pakaja ile karatasi ya uchaguzi, neno kwa neno, shupavu na maono na yote. Ilikuwa kazi ya mtu wa ofisi ya Mwenyekiti. Hata jina alilojiandikishia lilisema hivyo. Jambo hili nalo si geni, wala si letu peke yetu. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba wafanyakazi wa Marty Meehan, mbunge wa Massachusetts huko Marekani, walikuwa wameifuta makala juu yake wakaweka habari walizoziandika wao wenyewe. Katika yaliyofutwa ilikuwamo habari ya ahadi yake ya zamani kwamba hatakaa bungeni zaidi ya vipindi vinne, ahadi asiyoitimiza. Gazeti la mji wake likaitangaza, na ahadi ambayo watu walikuwa wameisahau ikasomwa na wengi kuliko kwanza.

Nalitamani kuirudisha makala yangu, naye airudishe yake, nami tena, hata mmoja wetu achoke. Yule Mtanzania akanizuia. Katika Wikipedia ya Kiingereza, alisema, mhariri anayerudisha makala moja zaidi ya mara 3 katika saa 24 aweza kufungiwa asiandike, hata kama ana haki. Akaniambia, "Yuko umbali gani na wewe? Nenda ukamwone."

Wazo hilo halikunijia hata kidogo. Mwalimu akanipeleka siku ya Jumamosi. Mwenyekiti alitupokea nyumbani kwake (nyumba yenyewe, nawaambia kweli, ilikuwa ya kawaida, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa haujapigwa lipu). Tukaamkiana kwa Kiganda kirefu kama ilivyo desturi, tukaletewa chai. Nikaanza kueleza, na magoti yakitetemeka.

"Ssebo," nikasema, "hatuwezi kuweka maneno ya kukusifu, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeyatoa."

"Na yale ya kunitukana," akasema, "aliyatoa nani?"

Sikuwa na jibu. Mwalimu akasema kwa niaba yangu kwamba yale yalikuwa kosa na yameondolewa. Mzee akatulia. Kisha akaleta mambo yake mawili. La kwanza lilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Gazeti nililolitumia lilimfanya mkubwa kwa miaka 3. Akatoa bahasha, na ndani yake kadi ya ubatizo, iliyokunjwa hata imekatika katikati. "Ninyi mwaamini gazeti kuliko padri aliyenibatiza?"

Hapa wasomaji nawaomba mfikiri, maana ni fundo gumu la kazi hii. Kadi niliishika kwa mikono yangu. Lakini msomaji wa Mombasa au wa Bujumbura hawezi kuishika, na hana sababu ya kuniamini mimi nikisema nimeiona. Wikipedia haikubali utafiti wa mhariri mwenyewe, hata ukiwa wa kweli. Yakubali tu yaliyokwisha kuchapishwa mahali ambapo mwingine aweza kwenda kuyatazama. Nilipomweleza hivyo alicheka kwa mara ya kwanza. Mwisho tulikuta kwamba katika mahojiano ya zamani, gazeti jingine lilikuwa limeandika mwaka ule ule wa kadi kutoka kinywani mwake. Basi tukaweka miaka yote miwili, kila mmoja na tanbihi yake. Hakupendezwa sana. Mimi pia sikupendezwa, lakini sikuona njia nyingine.

La pili lilikuwa ile kesi. Alitaka ifutwe. Nikasema haiwezekani, Ssebo, kwa kuwa ilikuwa mahakamani mbele ya watu na gazeti liliandika. Akaniangalia kitambo. "Je, uliandika kwamba nalishinda kesi hiyo?"

Moyo wangu ukashtuka. Nalikuwa nimesoma gazeti la siku kesi ilipofunguliwa, nikafurahi kupata tanbihi, nikafunga kitabu. Sikuendelea mbele miezi 7 kutafuta hukumu. Jumatatu nikarudi maktaba nikaipata, katika ukurasa wa ndani, mistari 6 tu: kesi imetupwa, na mshtaki atalipa gharama. Mashtaka yalipewa nusu ukurasa pamoja na picha. Ndivyo magazeti yalivyo kila nchi, na mhariri asiyetafuta mwisho wa habari atamwacha mtu kizimbani maisha yake yote, kila tanbihi ikiwa sahihi. Hilo sikufundishwa na kanuni. Nilifundishwa na yule mzee.

Alitupa pia picha ya kuweka katika makala, nzuri sana, naye akashangaa tulipoikataa. Picha ni mali ya aliyeipiga, na studio ya mjini haikuwa imetoa ruhusa kwa kila mtu kuitumia. Mwalimu akampiga nyingine pale pale barazani kwa simu yake, na kwa kuwa ni ya mwalimu mwenyewe, akaitoa bure kwa wote. Katika picha hiyo ameshika kikombe cha chai.

Wengine wataniuliza, je, si afadhali kuandika juu ya waliokufa? Ni rahisi kidogo, si sana. Mfano, mtazameni Benedicto Kiwanuka, aliyezaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka. Wanafunzi wengi wakiulizwa nani alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda hujibu Obote, na ninaposahihisha makala naona wengine wakifuta jina la Kiwanuka kwa kudhani ni kosa. Ukweli ni kwamba chama chake cha DP kilipata viti vingi katika uchaguzi wa Machi 1961, ambao Waganda wengi waliususia, naye akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Machi 1962 tulipopata serikali ya ndani. Mwezi Aprili ulifanywa uchaguzi mwingine, Obote akashika mahali pake, na uhuru ukaja tarehe 9 Oktoba 1962 Obote akiwa Waziri Mkuu. Basi wote wawili ni wa kwanza, mmoja kabla ya uhuru na mmoja wakati wa uhuru, na neno "wa kwanza" likisimama peke yake huleta vita katika Majadiliano. Baadaye Kiwanuka akawa Jaji Mkuu, na tarehe 21 Septemba 1972 askari wa Amin wakamkamata katika Mahakama Kuu ya Kampala. Hakuonekana tena. Siku aliyouawa vitabu havikubaliani, na mhariri mwaminifu ataandika siku aliyokamatwa, ambayo ilionwa na watu, kisha aseme wazi kwamba ya kifo ina mabishano. Mwanafunzi asiyependa kuacha nafasi wazi atachagua tarehe moja iliyo karibu. Nami nimewahi kufanya hivyo.

Siku hizi ninazo makala zipatazo 60 katika orodha yangu ya maangalizi, nyingi zikiwa za wanasiasa wa huku. Moja ikiguswa, napata habari. Wakati wa uchaguzi silali vizuri. Nikiona sifa, nauliza nani kasema. Nikiona mashtaka, natafuta hukumu. Nikiona "hivi sasa ni", natazama kama bado ndiye, kwa maana makala nyingi za Kiswahili zina mawaziri waliotoka zamani na wangali wakihudumu katika sentensi ya kwanza. Mwenyekiti wetu mwenyewe hakusimama tena baada ya kipindi kile, ikanibidi nibadili "ni" kuwa "alikuwa". Herufi chache tu, lakini nalizibadili polepole.

Mwezi uliopita nikakuta ujumbe katika Majadiliano ya makala hiyo. Mwandishi alijiandikisha kwa jina lisilo la kwao, lakini alipoeleza kwamba hawezi kuihariri yeye mwenyewe, kwa kuwa mtu anayeandikwa ni baba yake, nikamjua. Alisema jina la kijiji alichozaliwa mzee nimeliandika kwa s moja, na kwa Kiganda ni ss, na katika ramani ya serikali ni ss, akataja na ramani yenyewe. Nikaitazama. Ni ss. Nikalisahihisha siku ile ile, na mahali pa maelezo nikaandika: "Nimesahihisha tahajia."